Lumbesa Kwenye Kioo

Siku ya kuripoti kazini nilivaa viatu vya kuazima, vilivyonibana mpaka nikawa natembea kama bata. Walinipeleka moja kwa moja kwenye redio kolu, katika nyumba ya shirika pale Makanyagio, Mpanda mjini, na Mkuu wa Kituo akanikabidhi maiki. Akaniambia, "Binti, hapa huongei. Hapa unatamka." Sikumwelewa. Akanionyesha: unabonyeza, unasubiri kidogo, unatamka neno mojamoja kama unamwita mtu aliye kisimani, unamaliza na "ova", halafu unaachia. Mimi nikabonyeza nikasahau kuachia, na kituo cha ziwani kizima wakanisikia nikimuuliza Mkuu choo kiko upande gani. Walinitania kwa hilo mpaka nikastaafu.

Nyie vijana mnaotuma siri zenu kwa simu mkiwa mmelala chali, niwaeleze tulivyokuwa tunatuma sisi. Ilikuwa miaka ya tisini, na Mpanda ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Shirika letu lilihudumia wakimbizi waliotoka Burundi. Watu walikuwa wanahamishwa kutoka makazi haya kwenda yale, na kabla lori halijaondoka ilibidi majina yao yasomwe redioni ili kituo kinachowapokea kijiandae. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kusoma majina. Jina la baba, jina la mama, watoto, wanatoka wapi, wanakwenda wapi. Ova.

Ubaya wa redio kolu ni kwamba haina mlango. Yeyote mwenye redio ya masafa yale, awe dereva, mfanyabiashara wa ziwani au mtu mwenye nia mbaya, alikuwa anatusikia. Sisi wenyewe tuliwasikia watu wa nchi jirani wakinunua mafuta na kugombana na wake zao.

Siku moja mama mmoja wa Kirundi alinifuata mpaka dirishani. Tulimwita Mama Evariste kwa jina la mwanawe. Mumewe alikuwa ameuawa, na waliomuua walikuwa bado wanaitafuta familia yake. Ndiyo maana alikuwa ameomba ahamishwe. Alishika nondo za dirisha akasema, "Mama, ndakwinginze," yaani nakusihi, "jina langu lisisemwe kwenye upepo. Likisemwa watajua niko wapi." Nikamjibu kwamba bila jina lori halitambeba. Akasema, "Basi nitangoja. Siku mtakayokuwa na njia nyingine, mnihamishe siku hiyo." Akarudi zake. Kila nilipomwona baadaye alikuwa anainua nyusi tu, na mimi natikisa kichwa kwamba bado.

Njia nyingine ikaletwa na Mhandisi.

Alishuka kwenye treni ya Tabora akiwa na sanduku la nguo dogo na sanduku la kompyuta kubwa. Alikuwa mtu wa Karema kwa kuzaliwa, kijana wa ziwani aliyesoma mpaka ughaibuni, na makao makuu walimpa mkataba aandike programu ya kufunga majina kabla hayajatumwa. Kompyuta ingeyageuza kuwa herufi za ovyoovyo, modemu ingezipitisha kwenye redio zikilia kama kuku wagonjwa, na kompyuta ya upande wa pili ingezifungua. Aliomba apewe mtu wa kupima programu. Mkuu wa Kituo alinitazama, akasema, "Mchukue huyu. Ana kichwa kigumu, hachoki kurudia." Ndivyo nilivyohamishiwa chumba cha kompyuta, na sitasahau utamu wa miezi ile.

Hesabu aliyoitumia inaitwa ya mikunjo ya duaradufu. Msishtuke na jina, hata mimi liliniuma ulimi. Alinieleza hivi. Kuna mstari uliopinda, na juu yake kuna nukta moja ambayo kila mtu anaijua. Kuna kanuni ya kuruka kutoka nukta hiyo kwenda nyingine, na nyingine tena. Ukiniambia umeruka mara ngapi, nitakufikia haraka, maana kuna njia ya mkato ya kurukia mbali. Lakini ukinionyesha ulipoishia bila kunitajia idadi ya kuruka, nitakaa hapo nizeeke sijaipata. Idadi hiyo ndiyo siri yako, ndiyo ufunguo. Zilikuwepo hesabu nyingine za kufunga siri, lakini funguo zake ni ndefu mno, na redio yetu ilikuwa inapitisha herufi kwa shida kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Za mikunjo zilikuwa fupi.

Fupi kwa redio, jamani. Kwa kompyuta yetu kuukuu zilikuwa ndefu kupita kiasi. Mashine haikuweza kuishika namba ya namna ile kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Mhandisi aliikata vipande, kila kipande kwenye kisanduku chake. Ukizidisha vipande na kuvijumlisha, jumla inaweza kuzidi ukubwa wa kisanduku, na hapo ndipo penye balaa. Kinachozidi kinadondoka na mashine haisemi kitu. Haigomi wala haipigi kelele. Inaendelea na kilichobaki, na mwisho inakupa jibu limenyooka kabisa, ila la uongo. Shule ya msingi tulifundishwa saba na nane, andika tano, beba moja. Mashine ilikuwa inaandika tano, ile moja inaitupa.

Kupima kwangu kulikuwa kufunga ujumbe kwenye kompyuta moja na kuufungua kwenye nyingine, kwa namba hii na ile. Wiki za mwanzo kila kitu kilipita. Nikamwendea nikichekelea, nikamwambia, "Mhandisi, kazi imekwisha, mbona haikosei?" Akavua miwani yake ya kamba. Akaniuliza nimepima namba gani. Nikasema namba yoyote inayonijia.

"Zinazokujia ni za katikati, Gaude," akasema. Jina langu ni Gaudensia, yeye alilifupisha. "Za katikati hazina shida na mtu. Nipimie za ukingoni. Nipimie sifuri. Nipimie moja. Nipimie visanduku vimejaa mpaka mdomoni."

Namba zile ziliandikwa kwa tarakimu na herufi, sifuri mpaka tisa, halafu A mpaka F, na F ndiyo kubwa kuliko zote. Nikajaza F mstari mzima. Nikafunga jina langu mwenyewe, nikalifungua upande wa pili. Likatoka takataka. Nikarudia, takataka. Nikamwita. Nilidhani atanuna, maana programu ilikuwa ni yake na alikuwa ameilalia na kuiamkia. Wapi! Alipiga makofi, akasema, "Umeniokoa. Ingelikuwa jina la mtu hilo."

Sasa namba ikizidi unaifanyaje? Alinieleza kwamba dawa ni mbili. Ya kwanza ni kukagua kabla ya kujumlisha. Ukiona itazidi, simamisha kila kitu, kataa, mwambie mtu achague ufunguo mwingine. Ya pili ni kubeba: kile kinachozidi kipelekwe kwenye kisanduku cha jirani kama tulivyofundishwa shuleni. Ya pili ndiyo dawa yenyewe, lakini sehemu za kurekebisha zilikuwa nyingi na kila moja ingehitaji kupimwa upya. Akaanza na ya kwanza. "Heri ikatae kuliko iseme uongo," akasema. "Ila ikikataa lazima iandike neno kwenye kioo cha kompyuta. Nipe neno ambalo wewe ukiliona tu unajua kilichotokea, bila kuniita."

Nikasema, "Lumbesa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kwa asiyejua, lumbesa ni lile gunia la mazao linaloshindiliwa likajaa, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Mnunuzi analichukua lote kwa bei ya gunia moja. Kile kilemba kipo, ni jasho la mtu, lakini hakihesabiwi. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi Kasekese na neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Kwangu mimi kilichokuwa kinatokea ndani ya kisanduku kilikuwa ndicho hicho. Mhandisi akaliandika kwa herufi kubwa, nami nikapima. Ukijaza F, mashine inasimama, inaandika LUMBESA. Nikaipitisha programu kwa mkono wangu.

Tulikuwa na kanuni moja tu chumbani mle, na ilikuwa yake: programu ambayo Gaude hajaipima haionyeshwi kwa mtu. Mkuu wa Kituo alimtania siku moja, "Hata mimi bosi?" Akajibiwa, "Hata wewe, mzee."

Ikaja habari kwamba Mkurugenzi anatoka Dar es Salaam kuja kuiona kazi. Akiridhika, vituo vyote vitapewa programu na Mhandisi ataongezewa mkataba. Asiporidhika, ndiyo basi. Nikamwambia Mama Evariste ajiandae. Safari hii nilitikisa kichwa kwa namna nyingine, na yule mama akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku hiyo.

Siku ya kuamkia ugeni huo baba akaniletea salamu: wanunuzi wa mahindi wanakuja, njoo usimame kwenye magunia, wewe uliyesoma hawatakuonea. Nikaomba ruhusa. Mhandisi akasema, "Nenda, mzee wako anakuhitaji. Hapa hakuna kitu." Nikaenda Kasekese, nikasimama pale juani mikono kiunoni, na kila gunia lililotaka kuvikwa kilemba nilisema, "Hilo likate, ndugu yangu." Nikarudi na lori la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, nikamkuta Mkurugenzi ameshakaa.

Kulikuwa na jambo ambalo sikulijua. Wanunuzi wale walikuwa wananunua kwa niaba ya shirika letu, kwa chakula cha wakimbizi, na malalamiko ya wakulima kuhusu lumbesa yalikuwa yameshafika wilayani na kupanda mpaka Dar. Mkurugenzi hakuja kwa sababu ya kompyuta peke yake. Alikuja na moto kifuani.

Mhandisi alieleza vizuri. Mkurugenzi alisikiliza, akafika mahali akalainika, akauliza maswali ya maana. Mhandisi akamwomba achague ufunguo yeye mwenyewe, aandike tarakimu na herufi zozote mpaka mstari ujae. Mkubwa yule hakuwa na subira ya kuchagua. Aliweka kidole kwenye kitufe kimoja akakikandamiza, na kioo kikaanza kujaa: F F F F F.

Mhandisi alinitazama nami nikamtazama. Tulijua, na tulikuwa hatuna hofu ya hesabu. Kinga ilikuwa inafanya kazi yake. Hakuna kati yetu aliyelifikiria neno.

Kioo kikasimama. LUMBESA.

Mkurugenzi alilisoma kwa sauti. Akalisoma tena polepole. Mkuu wa Kituo akaanza kuangalia viatu vyake.

"Nani kaandika hili?"

"Ni kinga, mheshimiwa," Mhandisi akasema. "Namba imezidi kisanduku, kwa hiyo programu..."

"Sijakuuliza habari za visanduku. Nimesafiri siku mbili nzima kwenye treni nije kutukanwa na mashine? Nani amekutuma?"

Nikasimama. Niliongea, wala msidhani nilinyamaza. Nikasema, "Mheshimiwa, neno ni langu. Mimi ndiye niliyelichagua. Baba yangu analima mahindi Kasekese, ndiyo maana likanijia. Halina maana nyingine yoyote."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vumbi la miguu. "Karani wa redio ndiye anayeandika ndani ya kompyuta?" Akatabasamu kwa namna ambayo bado inaniudhi. "Dada, usimtetee. Wewe umempa malalamiko ya baba yako, yeye akayapenyeza humu. Mnadhani sisi watoto?"

Mhandisi akasema, "Anasema kweli, neno ni lake." Ikawa mbaya zaidi, maana sasa alionekana anamsukumia mwanamke lawama. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa anajua ukweli wote, alisema tu, "Tutalifanyia kazi, mheshimiwa." Simchukii. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini ningependa angesema neno moja.

Programu ilifutwa kwenye kompyuta zote. Mhandisi akakatishiwa mkataba, akapanda lori la kwenda Karema akiwa na kisanduku chake cha nguo. Aliniaga kwa kuinua mkono tu, lori likiwa linaondoka. Mimi nikarudishwa kwenye redio.

Na orodha ya majina ikaja mezani kama zamani. Jina la Mama Evariste lilikuwemo. Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo, nikamwomba tulipeleke kwa mdomo, dereva alishike kichwani. Akasema amri imetoka juu, kila jina lipite redioni, na asiyesomwa habebwi. Nikamfuata mama mwenyewe. Nikamwambia ukweli, kwamba ile njia imekufa. Alikaa chini kwenye mchanga. Baadaye akasema amechoka kungoja, na hata katika makazi aliyomo wameshaanza kumuulizia. "Soma, mama. Soma haraka haraka."

Nikasoma. Nilisoma haraka, nikameza nusu ya jina, na jamaa wa upande wa pili, masikini, kwa uaminifu wake wa kazi, akasema, "Sijakupata, rudia jina hilo herufi kwa herufi. Ova."

Nikarudia herufi kwa herufi.

Alifika kule salama, hilo nililithibitisha. Kisha siku moja hakuonekana kwenye mgao wa chakula, yeye na mtoto. Wengine walisema alivuka ziwa kwa hiari yake. Wengine hawakusema kitu. Niliuliza kwenye kila lori lililorudi, na sikupata jibu lililo bora kuliko hayo. Mpaka leo nikisikia mtu anatamka herufi za jina kwenye simu, benki au hospitali, natoka nje.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilihamishiwa stoo, nikarudishwa redio, nikafanya kazi chini ya Mratibu wa Usafiri aliyependa kuimba, na chini ya Mkuu wa Kituo mpya aliyeleta simu ofisini na kuitoa redio kolu kwenye meza kama mtu anayetoa maiti. Mkurugenzi yule alistaafu kwa heshima. Shirika lilinunua mashine ya kigeni ya kufunga siri, ilikuja na mlio mzuri, haikuwahi kukataa kitu. Niliuliza nani aliipima za ukingoni. Wakaniambia, "Mama Gaude, hiyo imetoka kiwandani."

Nilipostaafu nilijenga kibanda changu Shanwe, nikafuga kuku. Lakini nilikuwa na jambo moja lililonikereketa. Nikapanda basi nikaenda Karema kumtafuta Mhandisi.

Nilimkuta anatengeneza redio na simu kwenye kibanda jirani na wauza migebuka. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani ileile ya kamba. Aliniona akasema, "Gaude! Choo kiko upande ule." Tukacheka mpaka wauza samaki wakageuka. Tulikula ugali na migebuka, tukazungumza habari za watu waliokufa, na nilipopata nguvu nikamwambia kilichonileta. Nikasema, "Nisamehe kwa lile neno. Ningesema kitu kingine chochote, hata 'kosa', hata 'simama', ungekuwa mtu mkubwa leo."

Akatikisa kichwa. Akaenda ndani, akarudi na disketi, ile bapa nyeusi ya zamani. Akaiweka mezani kati ya sahani.

"Hii ni ile ya kubeba," akasema. "Haina neno lolote. Namba ikizidi inabebwa kisanduku cha jirani, kazi inaendelea. Niliimaliza siku ile ulipokuwa Kasekese. Asubuhi Mkurugenzi anaingia nilikuwa nayo mfukoni mwa shati."

"Sasa kwa nini hukuiweka?"

Alinishangaa kabisa, kama nimemuuliza kwa nini hakuja kazini bila suruali. "Ulikuwa hujaipima."

Nikaanza kulia pale pale, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilimwambia kwamba ningekuja jioni ile, ningekuja usiku, ningetembea. Yeye akanisogezea maji, akauliza, "Magunia ya mzee wako yalikuwaje siku ile? Sikupata nafasi ya kukuuliza."

"Yalifungwa sawasawa," nikasema. "Hakuna hata moja lililozidi."

"Basi vizuri," akasema, na alimaanisha.

Nikamwomba disketi. Nilizunguka nayo Mpanda nzima, kila duka la kompyuta, na vijana waliishika wakaigeuzageuza wakaniuliza, "Bibi, hii ni nini?" Hakuna mashine inayoifungua tena. Nilipompigia kumwambia, alisema pengine nayo ilikuwa na kosa mahali, huwezi kujua. Ninayo hapa kabatini, imefungwa kwenye kitambaa. Haijapimwa.